Ramani ya Bwana Tosha

Utambi wa baruti ulikuwa unatoa cheche mlimani, na Kokubanza alikuwa mlangoni pake anamenya ndizi.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, na nimesikia wapo walionitukana kwa kuwaacha wakining'inia. Haya, shikeni roho.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: tupo Nyamihaga, upande wa Kyerwa, miaka michache baada ya vita vya Hitla. Wazungu wamegundua kwamba hawawezi kuishi bila bati la kutengenezea makopo ya maharage. Bati lipo chini ya vilima vyetu. Juu ya vilima, kwa bahati mbaya, tupo sisi.

"Mama Kemirembe, toka!"

Aliyepiga kelele alikuwa mukungu, mkuu wa kijiji, Mzee Melkiory Kahigi. Alikuwa amejificha nyuma ya mgomba, na mgomba, kama mjuavyo, hauwezi kuzuia hata jiwe la manati.

"Nitoke niende wapi?" Kokubanza aliuliza bila kuinua macho.

"Baruti inalipuka!"

"Nani kaiwasha?"

"Kampuni!"

"Basi iambie kampuni iizime. Mimi sijawasha kitu. Hata jiko langu bado."

Mlima ukakohoa.

Mawe yakaruka juu, yakafikiri kidogo, yakashuka. Moja lilipasua paa la nyasi, likaingia ndani ya nyumba na kukivunja chungu kilichokuwa kinangoja ndizi. Jingine lilipita juu ya migomba, likapita juu ya kahawa, likampita mukungu mwenyewe, likaangukia baiskeli yake.

Baiskeli ile alipewa na kampuni, ili afikishe habari mbaya haraka zaidi. Ilibaki gurudumu moja likizunguka, tiki, tiki, tiki, kisha nalo likakata roho.

Vumbi lilipotulia, Kokubanza alikuwa bado pale pale kwenye kigoda. Nywele zake zilikuwa nyeupe kwa udongo. Aliyakung'uta maganda kapuni. Kisha akachukua ndizi nyingine.

Kemirembe, binti yake pekee, alikuja mbio kutoka kijitoni, mtungi kautupa njiani. "Mama! Umeumia?"

"Kamuulize mukungu. Mimi nimetobolewa nyumba tu. Yeye amefiwa."

Nusu ya kijiji walicheka. Nusu nyingine walikuwa bado wamelala kifudifudi.

Hapo akatokea meneja wa mgodi. Jina lake la ubatizo halikumkaa mtu yeyote mdomoni. Katika Kiswahili alijua neno moja, nalo alilitumia kufungua mazungumzo, kuyaendesha na kuyafunga, kwa hiyo watu walimwita Bwana Tosha. Nyuma yake alifuata Egbert, karani wa ramani, kijana wa Muleba, suruali ya kaki imenyooshwa pasi mpaka inakata, na bomba la ramani kwapani.

Msomaji wangu wa siku zote anamjua Egbert. Ndiye mchumba wa Kemirembe. Washenga wake walishakuja, pombe ya rubisi ilishanywewa, kicheko kilishachekwa. Kwa hiyo alipouona mwanga wa jua ukipita kwenye paa la mama mkwe wake mtarajiwa, alilazimika kusoma upya vifungo vya viatu vyake.

"Mukungu," alisema Kokubanza, "mwambie bwana wako aingie aone alichofanya."

Bwana Tosha aliinama, akaingia. Alitazama juu kwenye tundu. Alitazama chini kwenye vigae vya chungu. Alisema maneno mengi ya kwao.

Mukungu akatafsiri, akijifuta jasho. "Bwana anasema hapa hapana nyumba."

"Na yeye yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko ndani."

"Ndani ya nini?"

Mukungu akalitafsiri swali kama lilivyo.

"Tosha!" alisema Bwana Tosha, akageuka kwa hasira kutoka, na paji la uso wake likagonga boriti ya mlango, ko! Kichwa kilikiri mbele ya mashahidi. Mdomo ulikataa.

Ramani ikafunguliwa nje, juu ya majani ya migomba. Palikuwa na kijito, palikuwa na kilima, palikuwa na mstari mwekundu ulioyazunguka yote hayo. Pale ambapo Kokubanza aliolewa, akazaa, akazika mume, paliandikwa kwa mwandiko mzuri sana neno moja: RWEYA.

Rweya, kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali, ni nyasi tupu, mahali pa kulishia ng'ombe na kukatia majani ya kuezekea. Kibanja ni migomba, kahawa, nyumba, makaburi na watu. Leseni ya kampuni iliruhusu kuchimba rweya na ilikataza kugusa kibanja. Nami ninaapa mbele yenu kwamba Bwana Tosha hakugusa kibanja hata kimoja. Alivibatiza tu.

Na mstari ule mwekundu ulikuwa na miguu. Ulizaliwa mbali, kwenye vichaka vya bondeni, mtoto mtulivu asiyesumbua mtu. Ramani mpya ilipokuja, ulikuwa umevuka kijito, na maji yakawa uji wa udongo kwa ajili ya kuoshea mchanga wa bati. Ramani nyingine ilipokuja, ulikuwa umepanda hadi kwenye kanisa dogo la Wakatoliki, na waumini wakaanza kusali wakishindana na mashine ya kusaga mawe. Padri akisema amani iwe kwenu, mashine inaitikia. Sasa ulikuwa umefika mlangoni kwa Kokubanza, na haukuonekana kuchoka.

"Leo Jumatano; Jumamosi Bwana DC anakuja kuitia ramani sahihi," mukungu alisema. "Akishaitia, hata malaika akitaka kutua hapa ataomba ruhusa ya kampuni. Funga vitu vyako, Mama Kemirembe. Mimi nakushauri kama ndugu."

"Ndugu yangu," alijibu Kokubanza, "kakusanye vyuma vyako."

*

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya milima ya Rwanda, Egbert alimkuta Kemirembe kijitoni. Alikuwa anachota maji mekundu kwa kibuyu, anayaacha yatuame, anachota ya juu, anayaacha tena. Kazi ya dakika chache ilikuwa imekuwa kazi ya alasiri nzima.

"Wasibota," alisalimia kwa lugha ya nyumbani, yaani umeshindaje.

"Nimeshinda," Kemirembe alijibu kwa Kiswahili, kama mtu anayemjibu mgeni wa ofisini. Egbert akajua mambo ni mabaya.

"Kemirembe, nisikilize..."

"Uliandika nini pale kwetu?"

"Si mimi niliyeamua."

"Mwandiko ni wa nani?"

Egbert akafuta vumbi kwenye suruali yake.

"Rweya," alisema Kemirembe. "Kwa hiyo mimi nimezaliwa nyasini. Unaposa panya wa porini, Egbert? Migomba yetu hukuiona?"

"Niliiona."

"Nyumba?"

"Niliiona."

"Na mama yangu, amesimama hapo mbele ya darubini yako yenye miguu mitatu, hukumwona?"

"Mkwe hatazamwi, Kemirembe," alisema Egbert kwa sauti ndogo. "Ni mila."

Laiti angenyamaza. Kemirembe alimmwagia kibuyu kizima cha maji mekundu kwenye ile suruali.

"Na posa yako ipo wapi?" aliuliza. "Nimeitafuta kwenye ramani, haipo. Basi hukuja. Hatukukuona."

Egbert alisimama akichuruzika. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe: alisema ukweli bila kuamriwa.

"DC hatafika huku chini. Bwana Tosha atampandisha kilimani, pale juu kabisa. Ukisimama pale ukatazama bondeni, huoni nyumba. Unaona majani tu, kijani kitupu, kwa sababu nyumba zote zimefunikwa na migomba. Atamwambia, tazama Bwana, hapana mtu. Naye atatia sahihi kabla jua halijamchoma pua."

Kemirembe aliacha mtungi hapo hapo, akapanda kilima peke yake, akasimama juu kabisa. Akaitafuta nyumba aliyozaliwa. Hakuiona.

Aliporudi alikuwa analia. "Mama, ni kweli. Ukiwa kule juu, sisi hatupo."

Kokubanza alikuwa ameazima chungu kwa jirani yake Anatolia, na kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulikuwa umemjaa machoni. Alikohoa. Alifikicha macho. Moshi ulipanda, ukatoka kwenye lile tundu la jiwe, ukasimama juu ya migomba kama nguzo.

Kokubanza akatoka nje, akautazama muda mrefu.

"Anatolia!" aliita. "Njoo. Waite na wenzako."

*

Sasa sikilizeni jinsi siri nzuri inavyokufa. Wanawake walikubaliana kwamba siku ya Jumamosi, DC akifika kileleni, kila nyumba itawasha moto na kutupia nyasi mbichi. Nyumba yenye moshi haiwezi kuitwa rweya. Anatolia alimwambia dada yake kwa kunong'ona. Dada yake alimnong'oneza mumewe. Mumewe alikuwa kilabuni, na kilabuni hakuna anayenong'ona.

Siku ya Ijumaa mukungu alizunguka kijiji chote. Kwa miguu, maskini.

"Amri! Kesho hakuna kuwasha moto! Moshi utamwumiza Bwana DC macho! Atakayeonekana na moto, atalala mahabusu!"

"Na tutakula nini?" aliuliza Anatolia.

"Mtakula kesho kutwa!"

Wanawake walimtazama Kokubanza. Kokubanza aliinamisha kichwa. Wengine wana waume mgodini, wengine wana watoto mgodini. Kufungwa si mchezo. Hakuweza kumwomba mtu alale mahabusu kwa ajili ya paa lake.

"Amri ni amri," alisema. "Kesho kaeni. Asiwashe mtu." Na Kemirembe aliona mama yake amezeeka pale pale, kati ya neno na neno.

Jumamosi ilifika. Bwana DC alipanda kilima na kofia kubwa na magoti mekundu. Alikuwa kijana, na si mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa kujifunza Kiswahili kitabuni, Kiswahili safi cha Pwani, safi kiasi kwamba Nyamihaga ni wachache waliomwelewa. Nyuma yake walikuja askari wake, wakiongozwa na Novatus, mtu mrefu wa tarabushi nyekundu aliyesimama wima kama nguzo ya simu na kusema mara chache kuliko nguzo ya simu. Kisha Bwana Tosha, na plasta kwenye paji la uso. Kisha Egbert na ramani. Kisha mukungu na wazee wa kijiji.

Na Kokubanza. Hakuitwa, lakini alikuwa amevaa kanga yake ya kanisani, na wazee wakampisha.

Bwana Tosha alinyoosha mkono bondeni. Kijani. Kijani kitupu hadi macho yachoke. Akasema la kwao, na DC akaitikia kwa kichwa, akaomba kalamu.

Mukungu akapumua.

Na wakati ule ule, katikati ya kijani kile, moshi mwembamba ukapanda.

DC akasimamisha kalamu. "Moshi ule watoka wapi?"

Bwana Tosha alimtazama mukungu. Mukungu alitazama bondeni, na rangi ikamtoka.

"Mzee," DC aliuliza tena, "ni moto wa nyika?"

"Hapana, Bwana," mukungu alisema. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha ukarimu, na kiburi kilimzidi akili. "Ni nyumbani kwangu. Mke wangu anakupikia kuku."

Enyi watu! Alikuwa amekataza moto kijiji kizima, akasahau kwamba kuku wa DC hajipiki!

"Nyumbani kwako?" DC aliinamia ramani. Kidole chake kilitembea, kikapata mahali. "Lakini hapa pameandikwa rweya. Na pamo ndani ya mstari."

"Ndani ya mstari upi?" mukungu aliuliza.

"Mwekundu."

"Mwekundu? Mimi?" Mukungu alimgeukia Bwana Tosha, na kwa mara ya kwanza katika utumishi wake hakutumia maneno ya heshima. "Uliniambia unaishia kwa Kokubanza!"

Kule chini, Kemirembe alikuwa ameuona moshi wa mukungu. Alisimama uani akapaza sauti, nayo sauti ile ilifika kileleni nyembamba lakini kamili: "Mukungu amewasha! Amri imekufa! Washeni!"

Moshi ukatoka kwa Anatolia. Ukatoka kwa jirani yake. Ukatoka kando ya kijito, ukatoka nyuma ya kanisa, ukatoka mahali ambapo hata wazee walikuwa wamesahau kwamba kuna mtu. Kijani kile chote kikaota nguzo za moshi, hapa, pale na kule, hadi bonde likaonekana kama mji. Mzee mmoja alianza kuzitaja nyumba kwa majina ya wenyewe, akashindwa kumaliza kwa machozi. Alisingizia moshi.

DC aliitazama ramani. Alilitazama bonde. Akaitazama tena ramani, kama mtu aliyeuziwa mbuzi akakuta ni mbwa.

"Nani aliyeichora?"

Egbert alipiga hatua mbele. Suruali yake, msomaji, ilikuwa na doa jekundu lisilotoka.

"Mimi, Bwana."

"Nyumba hizi hukuziona?"

Bwana Tosha alikohoa kikohozi cha mwajiri. Egbert alimtazama. Kisha akatazama upande ule alipokuwa Kokubanza, si usoni, mila ni mila, bali miguuni, kwenye nyayo zake zilizopasuka kwa jembe.

"Niliziona zote, Bwana. Nilizichora kwa penseli, moja moja. Meneja aliniamuru nizifute, nami nikazifuta. Nilijua ninachofanya."

"Tosha!" alinguruma Bwana Tosha, na hapo hapo, mbele ya serikali, alimfukuza kazi. Egbert akalitoa lile bomba la ramani kwapani, akalilaza chini polepole. Kokubanza alimgeuzia mgongo kama ipasavyo kwa mkwe, lakini wazee waliokuwa mbele yake wanasema alikuwa anatabasamu.

DC alisafisha koo. Alipanda juu ya jiwe.

"Nimeona kwa macho yangu. Watu wapo."

Mukungu alitafsiri kwa Kinyambo, naye alitafsiri kwa moyo wote, maana sasa alikuwa anajitafsiria mwenyewe. Vigelegele! Kemirembe na wanawake wenzake walikuwa wanapanda kilima mbio, nyuso zimejaa masizi, nao wakavidaka vigelegele njiani wakavirudisha.

"Ni dhuluma," DC aliendelea, "kuchimba chini ya watu. Sheria haikubali."

Vigelegele tena! Anatolia alianza kucheza.

"Kazi ya mgodi hapa isimame tangu leo."

Waliokuwa wamekaa wakasimama. Kokubanza alifunga macho. Alifikiria chungu kipya, nyasi mpya za paa, ndizi zilizobaki kapuni.

"Isimame," alisema DC, "mpaka watu hawa wawe wamehamishwa kwa utaratibu."

Kigelegele kimoja kilichochelewa kilitoka huko nyuma, kikafa chenyewe.

"Wamehamishwa?" mukungu aliuliza. Alisahau kutafsiri.

"Kwa haki kabisa," alisema DC, na kwa kweli alifurahi; alikuwa amewatendea wema. "Kama msingekuwapo, serikali isingeweza kuwasaidia kuhama. Sasa mpo. Kila nyumba itaandikwa, itapewa nambari, na kila mwenye nambari ataondoka kwa heshima."

Bwana Tosha, ambaye hakuwa mjinga, alianza kutabasamu chini ya plasta yake DC alipomrudia maneno hayo kwa lugha yao. Mtu asiyekuwapo utamtoaje? Ilikuwa tabu tupu, kulipua na kungoja. Lakini mtu aliyepo, mwenye nambari, huyo anaondoka kwa sahihi moja.

"Kumbe tulikuwa salama tulipokuwa hatupo," Kokubanza alisema kwa Kinyambo, na hakuna aliyethubutu kumtafsiria DC.

"Tutakwenda wapi?" aliuliza Kemirembe.

Swali zuri, DC alisema. Akakunjua ramani kubwa zaidi, ramani ya wilaya nzima, akaitandaza nyasini. Bwana Tosha alipiga magoti kwa furaha, akachagua, akaweka kidole mahali peupe.

DC akasoma. "Upande wa Igurwa. Ng'ambo ya kijito cha Kanyinya, kwenye mteremko wa magharibi. Ardhi nzuri, maji yapo, watu hapana."

Kokubanza alisogea, akainama juu ya ramani. "Weupe huu ni nini?"

"Ni mahali patupu, mama."

"Patupu kama kwangu kulivyokuwa patupu Jumatano?"

DC aliona haya kidogo. Alimtazama Egbert. "Karani, sehemu hii ilinakiliwa kutoka ramani za kampuni. Huko ulifika?"

"Sikufika, Bwana. Nilikuwa nimechoka, na karatasi ilitakiwa. Niliacha weupe."

"Lakini ramani ni ramani," DC alisema haraka. "Lazima tuanze mahali fulani."

Basi Kokubanza akakusanya kanga yake ya kanisani, akageuka, akaketi juu ya ramani ya wilaya. Aliketi vizuri, kama mtu anayengoja chakula kiive, akanyoosha miguu kuelekea Bukoba.

Watu walishika midomo. Mukungu alisema, "Maawe!"

"Mama," alisema DC, "ondoka juu ya ramani ya serikali."

"Mimi, Bwana? Sipo juu ya ramani yoyote. Itazame vizuri."

"Nakuamuru!"

"Nitaondoka utakaponionyesha mahali pa kwenda ambapo mtu mwingine hajaweka chungu chake."

Uso wa DC uliiva kama pilipili. Wema wake ulikuwa umekwisha, na ulikuwa umedumu zaidi ya wema wa wengi. Egbert alipiga hatua ili amkinge yule mama, akakumbuka kwamba mkwe haguswi, akabaki ameganda mguu mmoja mbele. Kemirembe ndiye aliyempita, akaenda akaketi kando ya mama yake, juu ya Ziwa Viktoria.

"Askari!" DC alipaza sauti. "Mwondoe mwanamke huyu! Wote wawili!"

Novatus, yule mrefu, akajikaza. Akapiga hatua. Buti lake likafika ukingoni mwa ramani, likasimama.

"Bwana," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza wengi kuisikia sauti yake. "Umesema ng'ambo ya Kanyinya?"

"Nimesema. Waondoe."

"Mteremko wa magharibi?"

"Wa magharibi! Umesikia amri?"

"Na hapo hapana watu?"

"Ramani inasema hapana!"

Novatus aliivua tarabushi yake nyekundu, akaishika kwa mikono miwili kifuani, kama afanyavyo mtu anapofika kwenye msiba.

"Basi naomba kuuliza, Bwana," alisema. "Mama yangu amefariki lini?"

DC akawageukia askari wake wengine, awape wao amri ile.

Askari walikuwa hawamtazami. Walikuwa wameinama, bunduki mgongoni, wanatafuta makwao kwenye ile sehemu ya ramani ambayo Kokubanza hakuikalia.